Msafishaji aliyekataa kumtajia bosi muuaji

Saa moja kasoro robo asubuhi, kabla lifti haijaanza kugombewa, mwanamke mwenye aproni ya buluu anapiga deki korido ya ghorofa ya pili. Anakwenda kinyumenyume, asije akakanyaga alichokwisha kusafisha. Mfuko wa aproni umetuna. Kilichomo si tambara wala sabuni. Ni kitabu, kimefungwa ndani ya nailoni kisilowe.

Karani wa kwanza anatokea, viatu mkononi, akinyatia pembeni mwa ukuta. Kabla hajafika mlangoni kwake anaulizwa kama amemaliza sura ya tisa. Hajamaliza. Anatikisiwa kichwa kama mtoto aliyesahau kunawa uso.

Jengo zima linamwita Inspekta. Ana miaka hamsini na miwili, ni mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na moja amesafisha ghorofa nne na vyoo ishirini na viwili vya kampuni hii ya bima. Mshahara wake na mwisho wa mwezi, anasema, hawajawahi kuonana.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya upelelezi iitwayo *Nyayo Sakafuni*. Alikinunua miaka miwili iliyopita kwa muuza vitabu vikuukuu kando ya barabara, akivutiwa na picha ya ndoo kwenye jalada.

"Nilidhani ni kitabu cha usafi," anasema. "Nikajiambia labda kitanifundisha kuondoa madoa."

Alichokuta ndani ni maiti. Mkubwa wa benki amekufa ofisini mwake, mlango umefungwa kwa ndani. Wapelelezi wanaingia na kutoka, na sura baada ya sura kuna mwanamke anayepiga deki pembeni ambaye hakuna anayemuuliza chochote. Kumbe yeye ndiye anayejua nani alikanyaga wapi, saa ngapi, na kwa kiatu gani.

Alipofika hapo, Inspekta alifunga kitabu akalia. Mumewe, fundi bomba, akadhani wamepata msiba.

"Nikamwambia hapana, baba watoto, ni furaha. Kuna mtu huko duniani ameandika kwamba na sisi tuna macho."

Amekisoma mara sita. Mumewe analalamika kuwa chai huchelewa kila muuaji anapokaribia kukamatwa, ilhali mkewe anamjua fika.

Tangu hapo amekuwa mpiga debe wa riwaya hiyo. Nakala ni moja, wasomaji wamefika thelathini na mmoja. Zamu anapanga mwenyewe, siku nne kwa kila mtu, kitabu kikirudi mfukoni mwake kila jioni, na anayechelewesha, pipa lake la taka halimwagwi. Mhasibu mmoja alikaa na maganda ya ndizi wiki nzima mpaka akajirudi.

Mambo yaliharibika mwezi uliopita. Meneja mkuu, mtu asiyecheka hata akitekenywa, alimkuta mpokea wageni amezama kitabuni huku simu zikiita bila kupokelewa. Akakinyakua, akataka kujua ni cha nani. Mpokea wageni, kwa woga, akamtaja Inspekta. Ikatoka amri: msafishaji afike kwa meneja Jumatatu asubuhi.

Mwisho wa wiki huo aliupitisha akipiga hesabu ya ada. Kitinda mimba wake alikuwa bado chuoni. Mumewe alimshauri aombe radhi kabla hajaulizwa, kisha aseme kitabu alikiokota. Radhi angeomba, lakini kukikana kitabu alikataa katakata.

Jumatatu alimkuta meneja na macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Kitabu kilikuwa wazi mezani, zimebaki kurasa arobaini. Kikao cha wakurugenzi kilikuwa kimebakiza dakika kumi. Meneja alikohoa, akaegemea mbele, akauliza kwa sauti ya chini kama muuaji ni yule daktari.

Inspekta alijua kwamba neno moja tu lingemtoa mle ndani salama.

"Bosi, kazi ni yako, unaweza kunifukuza," alimwambia. "Ila mwisho siusemi. Ukinifukuza, soma. Usiponifukuza, soma."

Meneja akamkumbusha nani mkubwa katika jengo lile. Yeye akajibu, kwa adabu zote, kwamba ukubwa wa bosi unaishia kwenye ukurasa aliofika.

Kikao kilichelewa saa nzima. Wakurugenzi waliambiwa kuna dharura.

Alasiri meneja alishuka mwenyewe ghorofa ya pili, akarudisha kitabu kwa mikono miwili, akasema yule mtu hakumdhania kabisa. Walisimama kando ya ndoo robo saa nzima wakijadili nyayo. Kisha akamkabidhi barua ya onyo: kusoma ni wakati wa mapumziko ya mchana tu.

Inspekta ameitunza barua hiyo pamoja na vyeti vya watoto. "Ndiyo ya kwanza kuandikiwa tangu niajiriwe," anasema. "Na jina langu hawakulikosea."

Sasa anaandika riwaya yake mwenyewe. Amejaza madaftari mawili, na anatarajia kumaliza kabla ya mwisho wa mwaka ili mwanawe wa chuoni amchapie. Kuna ofisi, kuna maiti, kuna ghorofa ya tatu.

Nani atakufa?

"Bado sijaamua," anasema, akikamua tambara. "Ila huko juu kuna mtu humwaga majani ya chai kwenye sinki kila siku. Huyo namfikiria."