Tatu, Tano, Mbili, Tisa

Mwaka ambao baba yangu alipoteza macho kabisa, nilikuwa ninafundisha darasa la tatu hapa Kasongo. Mchana, nikitoka shuleni, nilikaa naye barazani. Alikuwa ameendesha lori miaka mingi, barabara ya Kabambare hadi Salamabila, mpaka ugonjwa wa macho uliomjia polepole ukamtoa kwenye usukani. Simu yake ndogo ya vibonye ndiyo iliyobaki kumuunganisha na watu. Vibonye alivijua kwa kidole gumba, na namba za watu wake wote alikuwa nazo kichwani, kwa sababu orodha iliyohifadhiwa ndani ya simu haikumfaa tena.

Siku moja simu hiyo ikafungwa. Kampuni ya simu ilikuwa imezima kadi zote ambazo wenyewe hawakujiandikisha upya, na sisi hatukuwa tumepata habari. Nilitaka tununue kadi nyingine, iwe rahisi. Baba alikataa. Dada yake, shangazi yangu, anaishi Kabambare na hajui kusoma. Namba ya baba iliandikwa kwa makaa kwenye mlango wa nyumba yake, na akitaka kumpigia huita mtu mwenye simu amsomee mlango.

"Nani atafuta ile numero ku mulango aandike ingine?" aliniuliza. "Hapana, mwanangu. Waulize wale watu wairudishe."

Tukapiga huduma ya wateja kwa simu yangu. Sauti ya mwanamke ikatukaribisha kwa Kifaransa, ikasema Kifaransa ni moja, Kilingala mbili, Kiswahili tatu, Kitshiluba nne. Nikabonyeza tatu. Sauti ikasema, "Jambo, mteja wetu."

Baba akakaa vizuri. "Jambo, mama. Habari ya kazi?"

Sauti ikaendelea na mambo ya intaneti. Nikamwambia ile ni mashine, si mtu.

"Ninajua," akasema. "Lakini imenisalimia."

Tukapitia vifurushi, intaneti, nyimbo, kutuma pesa kwa simu. Kadi iliyofungwa haikutajwa popote. Mwisho kabisa, baada ya kuingia kwenye tano na kisha kwenye mbili, tulisikia kwamba anayetaka kuongea na mfanyakazi abonyeze tisa. Tisa ikatupa muziki, na muziki ukaendelea mpaka rezo ya simu ikakatika. Tukaanza upya tangu Kifaransa. Siku hiyo tulirudia mara sita, na mimi niliudhika kiasi cha kutaka kuitupa simu. Mashine haikuuliza tuna shida gani. Ilitaja shida inazozijua yenyewe, na yetu haikuwamo.

Baba hakuudhika. Alinikumbusha kwamba tulikuwa tumeshakwenda kwa ajenti wa kampuni pale sokoni, na yule kijana alikuwa ameniuliza mimi, "Mzee anataka nini?", wakati mzee mwenyewe amesimama mbele yake. Kisha akatutuma kupiga simu.

"Hii mashine inaongea na miye," baba alisema. "Nikisahau, inarudilia. Haichoke."

Siku ya tatu alikuwa ameikariri njia yote. Alibonyeza tatu, tano, mbili, tisa mfululizo, bila kungoja yule mwanamke amalize sentensi.

Mtu alipatikana siku ya nne, asubuhi ya Ijumaa, baba akiwa amekwisha kuvaa kanzu ya msikitini. Alikuwa mwanamume, na nyuma yake zilisikika sauti za wenzake wengi. Aliuliza jina, akauliza namba ya kadi ya mpiga kura, nikamsomea. Halafu akataka namba tano za mwisho ambazo simu iliyofungwa ilipiga.

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba mwenye simu haoni. Baba alikuwa ameshaanza. Alizitaja zote tano, tarakimu moja moja, kwa mpangilio wake, na kila moja akasema ni ya nani: "Dada yangu, fundi wangu wa zamani wa Salamabila, imamu, mkwe wangu, dada yangu tena."

"Ni sawa, baba," yule mtu akasema. "Ngoja saa mbili hivi, itafunguka."

Ilifunguka baada ya alasiri. Shangazi alipiga kesho yake, akamgombeza kwanza.

"Nilizani umekufa na hawakuniambia."

"Nilikuwa ku mashine," baba akamjibu.

Habari zikaenea, na majirani wakaanza kuleta simu zao. Baba aliwaondolea huduma wasizozitaka, aliwaandikisha, aliwangojea wafanyakazi wa kampuni kwenye muziki. Nilimwona akichangamka kuliko siku zote tangu aache lori.

Kisha akaja jirani mmoja, mama aliyefiwa na mume wiki hiyo. Simu yake ilikuwa inapokea ujumbe wa matangazo usiku na mchana, naye alitaka ukome, maana watu wa Nyangwe, alikotoka marehemu, walikuwa wanapiga kumpa pole. Baba alipita njia yake aliyoizoea, kwa haraka, bila kusikiliza. Kampuni ilikuwa imebadilisha mpangilio, na vibonye vilevile sasa viliwasha nyimbo za kumchezea anayepiga. Tangu siku hiyo, kila aliyempigia yule mjane alisikia muziki wa dansi, ngoma na magitaa, mpaka mwenyewe apokee.

Tuliambiwa na shemeji yake, ambaye hakuwa na furaha. Baba akaniambia nimpeleke kwa mjane.

Tulikuta watu wamekaa kwenye mikeka uani. Baba alikaa nao, na kila aliyeingia alimwambia mwenyewe, "Ule muziki, ni miye niliuweka. Nilikosea." Nilikuwa nimeona haya kwa niaba yake, naye akaendelea kusema vilevile kwa kila mtu, kwa sauti ileile.

Mjane alimsikia mara kadhaa, kisha akasogea karibu.

"Baba, acha," alisema. "Walisikia muziki, wakashangaa. Kisha nikapokea, tukalia pamoja. Iko sawa."

Kuuondoa kulituchukua siku tatu. Tisa haikuwa tena na mtu, ilirudisha mwanzo. Nilikaa na daftari la shule, nikaandika kila tawi la ile sauti na mahali linapoishia, baba akisikiliza kando yangu. Tuliukuta muziki chini ya saba, ndani ya kitu kinachoitwa burudani, na ukazimwa kwa kubonyeza nyota.

Baba aliendelea kusaidia watu, lakini hakubonyeza tena kitu kabla sauti haijamaliza kusema. Waliokuwa na haraka waliona anachelewesha, wakaenda kwa ajenti sokoni. Wengine walibaki, wakakaa naye barazani wakisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, Kifaransa, Kilingala, na ndipo Kiswahili.