Mlinzi na Waraka wa Mtumwa Aliyerudishwa

Jumanne asubuhi nilipata ujumbe wa sauti kutoka mtaa wa Al-Sulay: mlinzi wa ghala la vigae, Mkenya mwenzangu, amekutwa amefariki kwenye kiti chake langoni. Aliyenitumia hakujua amwarifu nani mwingine. Marehemu hakuwa na mke wala mtoto, na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kukaa nchini, alikuwa safarini. Wasomaji wangu, nimeishi Riyadh miaka mingi, lakini sijawahi kujihisi mpweke kama asubuhi ile. Sikuwahi hata kumwita rafiki. Nilimwita tu msomaji wetu, kwa kuwa kila Ijumaa alikuja kwangu mtaa wa Malaz, sisi watu saba tukashusha pazia na kuimba kwa sauti ya chini, maana ibada ya Kikristo huko hairuhusiwi hadharani, naye akatusomea nyaraka za mitume.

Alikuwa mkali, tena hakupenda utani akiwa na Biblia mkononi. Mtu akidai watumwa wa enzi zile walikuwa wafanyakazi wa kawaida tu, alimkatiza: "Usinilainishie. Yule alikuwa mali ya mtu." Kisha alitueleza kwamba kwa Warumi mtumwa angeweza kuwa mpishi, mwalimu wa watoto, hata karani anayeaminiwa funguo zote za nyumba, na bado akauzwa kama mbuzi. Mtoro akikamatwa alichapwa, au akachomwa alama, au akavishwa pete ya chuma shingoni, na aliyemficha naye alikuwa na kesi ya kujibu. Katika ulimwengu huo ndimo watumwa walimoambiwa wawatii mabwana zao, na karne nyingi baadaye waliowafunga wenzao minyororo wakayashika maneno hayo kwa furaha. Waraka mmoja tu aliuruka kila mara, ule mfupi ambao Paulo, akiwa kifungoni, anamrudisha mtumwa kwa bwana wake na kumsihi bwana huyo ampokee kama ndugu. Siku moja, wenzetu walipokwisha kuondoka, nilimuuliza sababu.

Aliniambia kwamba zamani alikuwa dereva Jeddah, akiishi na wenzake mtaa wa Al-Hindawiyah. Dada mmoja wa kwetu, mfanyakazi wa nyumbani, alimtoroka madam wake akaja kubisha mlangoni mwao. Madam alimshikia pasipoti, alimlaza jikoni, na simu alimpa Ijumaa tu. "Nami ndiyo kwanza nimetoka kuusoma waraka ule," akasema. "Nikajiona Paulo, bwana. Nikaandika barua tamu, karani wa duka la fotokopi akaitia Kiarabu: huyu ni dada yangu, mpokee kama binti yako." Dada aliishika barua, akamtazama, akamuuliza: "Kaka, ungekuwa wewe, ungerudi?"

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamwambia yalla, twende, Mungu ametangulia."

Akampeleka kwa gari la bosi wake hadi langoni kwa madam. Tangu siku hiyo simu ya dada haikupatikana tena. Alipokwenda kumuulizia, bawabu alimjibu maneno mawili ya Kiarabu: "Mafi. Halas." Yaani hayupo, basi. Nilijaribu kumfariji, nikasema kosa ni la madam, ni la sheria, ni la mawakala waliomleta. Akatikisa kichwa. "Usukani ulikuwa mikononi mwangu," akasema. Nikamtengea chai nyingine.

Ijumaa iliyopita tulikuwa sita, nami nikausoma waraka ule kwa niaba yake. Dada mmoja, naye ni wa kazi za ndani na ruhusa ya kutoka huipata kwa nadra, akauliza: "Sasa huyo aliyerudishwa, mwenyewe alisema nini?" Tukapekua mstari kwa mstari. Paulo anasema, bwana anasihiwa, jina la mtumwa limetajwa vizuri, lakini neno lake halimo hata moja. Wala hatuambiwi alipokewaje. Mimi nililia bila aibu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wahubiri, pamoja na sisi waandishi, tumekuwa hodari wa kutandika vitanda vya wenzetu. Nimejifunza nikiwa nimechelewa. Siku hizi mtu akija kwangu akiwa ametoroka, akitaka kujua arudi kwa mwajiri wake au asirudi, sifungui Biblia kwanza. Namkaribisha ndani, nafunga mlango, nampa chakula, halafu namuuliza yeye anataka kwenda wapi.