Mkate Aliooka Baba

Hamira ikichanganywa na maji vuguvugu hutoa harufu ya uchachu mtamu, na kila ninapoisikia najikuta Majengo, Pumwani, katika ua wa Bi Zuhura, ambako baba yangu alioka mkate kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Nilikuwa msichana wa miaka kama saba. Tulipanga chumba kwa Bi Zuhura, bibi Mswahili aliyekuwa akiuza mahamri barazani. Baba alikuwa fundi wa reli, Mluhya wa mabega mapana, na jikoni alikuwa mgeni hasa. Hata chai ya maziwa ilimfurikia jikoni kila alipoijaribu.

Siku zile mama alikuwa ametoka hospitali. Alikwenda na tumbo kubwa, akarudi bila tumbo na bila mtoto. Niliambiwa mtoto amebaki kwa daktari, nikaridhika. Mama alilala akiutazama ukuta. Majirani walileta uji, wakaleta kuku, vyote vikapoa mezani.

Asubuhi moja akanong'ona kwamba labda angekula mkate wa sufuria, kama ule aliokuwa akiuoka mama yake kule Bungoma. Basi. Hakusema lingine. Baba akavua koti lake la kazi, akakunja mikono ya shati, akatoka uani. Nikamfuata.

"Mama, nifundishe kuoka mkate," akamwambia Bi Zuhura.

"Si nikuokee tu, Baba Nekesa?"

"Hapana. Nataka niuoke mimi."

Bi Zuhura akampa sinia, unga na hamira. Baba akapiga magoti palepale karibu na mfereji, mbele ya watu. Kijana wa chumba cha pili, aliyekuja kuteka maji, akaangua kicheko.

"Niaje mzee! Siku hizi wewe ndiye mama watoto?"

Baba akamimina unga siniani.

"Teka maji yako uende," Bi Zuhura akamjibu. "Mwenzio ana kazi."

Na kweli ilikuwa kazi. Unga ulimganda hadi viwikoni. Alilikanda lile donge kwa ngumi, akalikunja, akalibamiza, sinia likalia uani kote. Nikangoja Bi Zuhura amgombeze, maana mimi nikiminya tu donge lake la mahamri alinifukuza. Badala yake akamwekea mkono mgongoni.

"Kanda, mwanangu," akasema taratibu. "Kanda mpaka uchoke."

Maji yakamtiririka baba mashavuni. Nikadhani ni jasho.

Donge lilipoumuka, wakalitia ndani ya sufuria iliyopakwa samli, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baba hakubanduka hapo. Mkate ulipotoka, upande mmoja ulikuwa umeungua, mwingine umependeza rangi ya udongo wa kwetu. Akaugonga kwa kidole na kutega sikio, kama alivyozoea kugonga magurudumu ya treni karakanani. Sijapata kuona mtu mzima akijivunia kitu namna ile.

Mama aligeuka tulipoingia.

"Nani ameuoka?"

Baba akanyoosha mikono yake, unga umekaukia kuchani. Mama akacheka, kicheko kidogo kilichomtoka kama kikohozi. Akakaa kitandani, akamega, akala. Kisha akamega kipande kingine akamlisha baba mdomoni, kama mtu anavyomlisha mtoto. Baba alitafuna akiwa amefumba macho. Mimi nilicheka kwa sauti, nikijua wanacheza.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza. Yule mtoto alikuwa wa kiume, hakuishi hata kufika jioni. Baba alimbeba mwenyewe hadi makaburini na kumfukia kwa mikono yake, na siku iliyofuata alirudi kazini, maana hakuna aliyemwambia apumzike. Majirani wote waliokuja kumpa mama pole walimpita baba pale mlangoni. Ni Bi Zuhura tu aliyemwachia sinia alipige apendavyo.

Tangu mama arudi nyumbani, baba hakuwa ametia chakula mdomoni. Mimi niliyekuwa nikila naye meza moja sikuliona hilo. Mama, aliyekuwa ameuelekea ukuta muda wote ule, ndiye aliyeliona.