Nukta Nyekundu Pembeni mwa Rejesta

Mdogo wangu alipoletwa kliniki ya macho kuwa mtakwimu, mimi nilikuwa nimeshakaa miaka kumi na tisa kwenye dirisha la mapokezi. Walimpa meza yenye droo zinazofungwa kwa ufunguo. Yangu naifunga kwa kupachika karatasi iliyokunjwa. Niseme mapema tusisumbuane: nilimwonea wivu, na wivu wenyewe haukuanzia kazini. Nyumbani kwa mama, picha yake ya mahafali iko sebuleni juu ya televisheni. Yangu ya harusi iko chumbani nyuma ya mlango, na mlango ukifunguliwa haionekani.

Wagonjwa wetu wengi wana presha ya macho. Haiumi, inaiba kuona kidogo kidogo, na anayeacha dawa hupofuka. Daktari mkuu alitaka kujua mapema nani hatarudi tarehe yake ikifika. Mdogo wangu akasema atatengeneza modeli ya rigresheni lojistiki, jina ambalo mama alilikariri wiki nzima akiwatajia majirani. Unaipa modeli mambo machache kuhusu mgonjwa, yanaitwa vigezo, nayo inakujibu kwa namba kati ya sifuri na moja. Ikikaribia moja, huyo harudi.

Vigezo vilikuwa kwenye rejesta zangu, kwa hiyo tulikaa bega kwa bega wiki tatu. Mwenye simu akawa moja, asiye nayo sifuri. Kila aina ya kazi ikapata safu yake. Umbali na saa za safari akasema vinasema jambo lilelile, akafuta kimoja. Pale nilipoacha umri wazi hakubuni kimyakimya. Alijaza umri wa katikati, akaongeza safu ya kukiri kwamba haukuandikwa. Alifanya yote polepole, bila kujidai. Angejidai ningepata pa kumshika.

Siku moja akaweka kidole pembeni mwa ukurasa.

"Dada, hii nukta nyekundu ni ya nini?"

Nukta ni yangu. Mgonjwa akipitisha tarehe yake siku saba, nampigia simu, na nikishampigia naweka nukta. Hakuna aliyenifundisha, wala hakuna aliyewahi kuuliza. Maana yake mwenye nukta ni mtu ambaye tayari hakuja.

"Alama zangu tu," nikamjibu.

"Unawawekea wale unaowashuku?"

"Wewe ndiye msomi. Mimi nitajua nini?"

Akacheka, akaiingiza: mwenye nukta moja, asiye nayo sifuri. Nilimtazama akiiingiza nikanyamaza, na moyo wangu ulitulia kuliko ulivyotulia mwaka mzima.

Modeli ilipojaribiwa kwa rejesta za zamani, ilipatia wagonjwa tisini na saba katika kila mia. Daktari mkuu akampa mkono mara mbili. Mama akanipigia simu mimi, si yeye, kuniambia nimpongeze mwenzangu. Nilimpongeza. Moyoni nilikuwa nasubiri siku modeli itakapoumbuka mbele ya watu.

Kisha daktari akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu nisipige simu ovyo. Nitawapigia wale tu watakaotajwa na modeli, kabla ya tarehe zao. Na mgonjwa mpya hawezi kuwa na nukta, kwa hiyo modeli itasema kila mgeni atarudi. Hapo nilianza kukosa raha, lakini sikusema.

Ijumaa tukaitwa kwenye chumba cha mikutano. Mdogo wangu akawasha projekta, na mstari wa kwanza wa ripoti ulikuwa jina langu. Lake lilikuwa chini yangu.

"Dada ndiye aliyenifundisha kuisoma rejesta," akasema. "Bila yeye nisingejua kigezo gani kina maana."

Watu wakapiga makofi wakinigeukia mimi. Miaka kumi na tisa sijapigiwa makofi pale, na nikatamani nijifiche chini ya meza.

Akachukua mfano wa mgonjwa mpya, fundi cherehani aliyeandikishwa Jumatano. Jicho lake moja limeshakufa, na lililobaki ndilo linalotunga uzi sindanoni. Nilipomwandikisha alinipa namba ya simu ya jirani yake na kuomba dawa ya miezi sita kwa mpigo. Watu wa namna hiyo nawajua, hawarudi mpaka uwafuate. Ukutani modeli ikaandika 0.04.

"Huyu atarudi mwenyewe," daktari akasema. "Hana haja ya simu."

"Nukta naiweka baada," nikasema.

"Baada ya nini?"

"Baada ya mtu kutokuja. Si dalili, ni matokeo yenyewe. Modeli imepatia kwa sababu imepewa majibu."

Daktari akaniuliza kwa nini sikumwambia mtakwimu. Nikafungua mdomo, lakini mdogo wangu akawahi.

"Kosa ni langu, daktari. Sikumuuliza vizuri."

Tukarudi mezani kwake wawili tu. Akaifuta safu ya nukta, na modeli ikashuka hadi sabini na mbili. Kabla hajaniuliza lolote, nikamwambia ninavyowatambua wasiorudi: anayeomba dawa nyingi kwa mpigo, anayekuja peke yake, anayetoa namba ya mtu mwingine. Akaandika yote.

"Ulijua, siku ile nilipokuuliza?" akasema, macho kwenye kompyuta.

"Nilijua."

Akarudisha vidole kwenye vitufe.

"Namba ya jirani niiweke moja au sifuri?"

"Moja," nikasema, nikainuka kwenda kumpigia fundi cherehani. Njiani nilikuwa na hasira, kwa sababu kumbe hata kusamehe anaweza kuliko mimi.