Mbuzi Mwenye Kope

Ilianza Jumatano, saa tisa na robo alasiri, katika ukumbi wa shule yetu hapa Malindi, nikiwa nimewapa wenzangu mgongo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika mchezo: kusimama mbele ya ubao wa plaiwudi, kuchora mbuzi na kutogeuka. Wengine waimbe, mimi nichore. Niliichagua mwenyewe. Nikitazamwa na watu zaidi ya watatu, sauti hunikauka na masikio hushika moto.

Mwalimu wetu wa Kiswahili akapiga makofi tunyamaze.

"Nimempigia simu mama yake huyu," akasema, na hata bila kugeuka nilijua ananionyesha mimi. "Jumamosi, siku ya wazazi, bibi yake atakuja. Nimemtengea kiti cha mbele kabisa."

Brashi ikanitoka mkononi, ikaniangukia kiatuni.

Mchezo wetu ulikuwa wa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho, na ulieleza maisha ya mwanamke mchoraji. Mwanamke huyo hakutajwa jina, lakini ni bibi yangu. Na bibi alikuwa hajui.

Nieleze vizuri. Hapa mjini kila mtu anavijua vibao vya madukani vya marehemu babu. Vilivyobaki ni vichache, kwa sababu siku hizi watu wanachapisha mabango ya plastiki, lakini buchari ya karibu na soko bado ina mbuzi wake, na duka la samaki bado lina samaki wake aina ya changu. Wanyama wote wa babu wana kope. Kope ndefu, zimepinda, kama za bi harusi. Watu walikuwa wakimuuliza, "Fundi, ushaona wapi samaki ana kope?" na yeye hujibu, "Huyo wangu anazo." Mandhari ya nyuma kila mara ni buluu moja ambayo hakuna aliyewahi kuipata tena.

Mwaka jana bibi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtia dawa, mara nne kwa siku. Kila nikimaliza, alitakiwa alale amefumba macho kwa muda, na katika kulala huko akaanza kunisimulia. Akaniambia mikono ya babu ilianza kutetemeka walipokuwa na mtoto wa pili. Hakuweza tena kuvuta mstari. Basi bibi akawa anachora vibao nyumbani, uani, mlango umefungwa, na babu anavipeleka na kuvitundika. Miaka ishirini na zaidi. Hakuna aliyejua.

"Haya ni yetu wawili," akasema, macho bado kayafumba.

Nikasema, "Ndiyo, bibi."

Kisha tukapewa insha shuleni, juu ya mtu unayemheshimu. Naandika ukweli: nilitaka alama. Pia kuna mambo ambayo mdomo wangu hauwezi kuyatoa lakini kalamu yaweza, na nilidhani mwalimu atasoma, atie alama, arudishe daftari. Sikujua atalisoma mara tatu, kisha aje darasani na kusema tumepata mchezo wetu. Aliniuliza mlangoni mwa darasa kama nyumbani wameridhia. Nikatikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana. Yeye akaona ndiyo.

Jumatano hiyo nilifika nyumbani nikamkuta bibi anapiga pasi buibui lake zuri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mama. Niambie, huo mchezo wenu wahusu nini?"

"Maisha."

"Maisha ya nani?"

"Ya mwanamke mmoja."

"Na huyo mwanamke afanya nini?"

Ningeweza kusema anauza mahamri. Nilifikiria kabisa. Lakini nikasema, "Anachora, bibi. Anachora vibao."

Pasi ikasimama. Ikasimama hadi nikasikia harufu ya kitambaa, ndipo akaiinua na kuiweka pembeni. Hakunipigia kelele. Alikunja buibui, akalirudisha kabatini, akaenda kutawadha, na magharibi ilikuwa bado.

Bibi yangu akikasirika huwa na adabu. Usiku ule alinipakulia chakula akasema, "Tafadhali karibu." Asubuhi akaniambia, "Asante kwa kufagia." Mama yangu akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akauliza nani kafa. Sikuwa nimewahi kuambiwa tafadhali na bibi. Nilikwenda shule macho yamenivimba.

Alhamisi saa nne, wakati wa mapumziko, nikamwambia mwalimu yote. Nilimwambia nikiutazama mfuko wa shati lake. Akasema, "Kosa ni langu mimi. Kwetu huko Ganze, ukitaka hata kumtaja mzee wa mtu katika ngoma, wenda kwao kwanza. Nami nilikutuma wewe, mtoto, tena kwa kukuuliza mlangoni." Akasema bila radhi ya bibi hakuna mchezo, na jioni hiyo hiyo tutakwenda.

Tulikwenda watatu: mwalimu, mimi, na rafiki yangu ambaye alikuwa anaigiza babu. Shule yetu ni ya wasichana, kwa hiyo wanaume wote wanaigizwa na wasichana. Rafiki yangu ametoka Marereni, babake anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na yeye hakai kimya hata akiwa anakula. Nilimwomba aje kwa sababu hiyo.

Mwalimu alisalimia, akaweka chini kifuko cha sukari na majani ya chai, akasema, "Mama, nimekuja kutaka radhi. Nimechukua cha kwako bila kukuuliza."

Bibi akakitazama kifuko. "Sukari umeleta," akasema, "lakini mchezo wenyewe sijauona. Nitatoaje radhi kwa nisichokiona? Uimbeni."

"Hapa?" mwalimu akauliza.

"Ua huu umeona mengi. Uimbeni."

Rafiki yangu hakungoja. Alichukua kipande cha makaa kwenye seredani, akajichora masharubu, akaanza kutembea kifua mbele huku kashika kibao cha kujifanya. Bibi akamkatiza kabla hajafika ukutani.

"Wee, huyo ni nani? Mkuu wa wilaya? Mume wangu hakutembea hivyo. Alikuwa akitembea kama mtu aliyepoteza kitu chini."

"Namna hii?"

"Punguza. Si kuku huyo."

Mama yangu akacheka jikoni, akajifanya anakohoa. Tukaendelea. Mwalimu aliimba sehemu ya kundi zima peke yake, sauti yake nzito ikigonga mabati, na mimi nikasimama mbele ya ukuta nikipaka hewa kwa kidole. Bibi aliwaacha waimbe wimbo wa harusi, wa mikono kutetemeka, wa mlango wa ua uliofungwa. Halafu wakafika wimbo wa mwisho. Huo ulisema kwamba babu alipofariki, mwanamke yule aliacha kuchora kwa sababu aliogopa mji ungejua kuwa mumewe alijipatia sifa isiyo yake.

"Basi," akasema bibi. "Hapo mumeongopa."

Rafiki yangu akasimama, mguu mmoja bado hewani.

"Nani aliandika nimeogopa?"

"Mimi, bibi," nikasema ukutani.

"Niliwahi kukwambia naogopa?"

"La. Hukunambia kwa nini uliacha. Nikafikiria mwenyewe."

"Ungeniuliza. Nilikuwa nimelala hapo, sina pa kwenda." Akavuta pumzi. "Mkimwonyesha hivyo, mtakuwa mumemfanya mwizi. Hakuniibia kitu yule. Mimi kuvuta mstari nilijua, kope ni zangu. Lakini rangi nilikuwa sijui. Nikichanganya mimi, yatoka matope. Yeye, na mikono ile ile yatetema, alikuwa akikaa kwenye kibago pale penye mlango, aniambia, ongeza nyeupe. Basi. Tone la kijani. Basi, usiguse tena. Alipokufa nilijaribu. Nilijaribu wiki nzima. Ile buluu haikuja. Nikaosha brashi, nikaziweka. Sikuogopa mtu mimi. Nilikosa wa kuniambia basi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hata rafiki yangu alinyamaza, na masharubu yake yalikuwa yameanza kumshuka mdomoni kwa jasho.

"Na ile mikono, mama?" mwalimu akauliza polepole. "Watu watajua alikuwa mgonjwa. Tuitoe?"

"Mikono iacheni. Maradhi si aibu. Wimbo wa mwisho ndio muubadilishe, na auimbe yeye." Akanitazama mimi. "Wewe ndiwe ulosema. Basi sema vizuri, na ugeuke. Watu wakuone unaposema."

"Bibi, siwezi. Wajua siwezi."

"Radhi yangu iko hapo. Kama huwezi, chukueni sukari yenu."

Mwalimu aliitazama sukari kana kwamba kweli angeichukua.

Niliuandika wimbo Ijumaa, darasani, nyuma ya daftari la hesabu. Ulikuja mfupi. Rafiki yangu alinifundisha kupumua kabla ya kila mstari. Aliniambia nikiona watu wengi nichague mmoja tu, nimwimbie huyo. "Mino huchagua aliyesinzia," akasema; kwao mino ni mimi. "Huyo hana neno."

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bibi alikuwa kiti cha mbele na buibui lake la pasi, alama ya kuungua ndogo begani, na mama pembeni. Niliwapa mgongo nikachora. Nilipoanza zile kope, nikasikia kicheko kikianza upande mmoja na kuenea, kisha mtu akasema kwa sauti, "Huyo si mbuzi wa buchari?" Mwingine akajibu, "Ndiye." Wimbo wa mikono kutetemeka ulipoingia, kicheko kikaisha. Nilisikia ukumbi unatambua. Ni sauti ya ajabu, watu wengi wanaacha kujikuna na kunong'ona kwa wakati mmoja.

Ukafika wakati wangu. Nikageuka.

Nilianza, na hata mimi sikujisikia. Nyuma kabisa mzazi mmoja akasema, "Hatusikii, mwanangu," kwa upole, si kwa kunikejeli. Nikamtafuta aliyesinzia, hakuwepo. Basi nikamtazama bibi. Hakutabasamu wala hakunitikisia kichwa. Aliweka mkono wake pajani, vidole viwili vimeshika kitu kisichoonekana, akawa anazungusha taratibu kama mtu anayekoroga kwenye mkebe. Nikaanza upya.

*Hakuniibia jina,*
*nilimpa kwa hiari;*
*mkono wangu wanena,*
*rangi yake ya bahari.*

Zilikuwa beti tatu, na huo ndio wa kwanza. Katika wa pili sauti ilinikatika mara moja. Katika wa tatu sikumbuki kitu, ila nakumbuka vidole vya bibi vilikuwa vimeacha kuzunguka.

Baada ya mchezo watu walimzunguka. Mwenye buchari, mzee wa watu, aliinama akamwambia, "Kumbe miaka yote hii ni wewe, bibi."

"Ni sisi," akasema bibi.

Mimi hakuniambia lolote pale. Kwenye tuktuk nilikaa katikati yake na mama nikingoja. Tulipofika karibu na msikiti akasema, "Ulianza chini mno." Kisha, baada ya kona, "Lakini ulianza tena." Nikataka kumuuliza kama nimesamehewa, nikaona haya mbele ya dereva. Nyumbani alinipakulia chakula akasema, "Kula, usinitazame." Nililala nikihesabu kwamba tafadhali haikuwemo.

Jumapili asubuhi, baada ya alfajiri, nilisikia kitu kinaburutwa. Bibi alikuwa kapiga magoti, anavuta sanduku kutoka mvunguni mwa kitanda chake. Ndani mlikuwa na brashi zilizofungwa kwa kitambaa cha kanga, na mikebe ambayo rangi zake zilikuwa zimekauka na kuwa mawe. Akaitazama mikebe, akaisukuma pembeni.

"Ile rangi iliyobaki ya shule, umeileta?"

Nilikuwa nimeileta, pamoja na ubao wangu wa mbuzi, kwa sababu mwalimu alisema ni wetu. Akanituma nivitoe uani. Akaketi kitako mbele ya ubao, na mimi akanionyesha kibago cha penye mlango. Kile kile. Nilisita.

"Kaa, mama. Hakiumi."

Nikakaa. Akachanganya kwenye sahani ya bati, buluu na nyeupe, akaniinulia nione. "Haya. Sema."

"Mimi sijui, bibi. Nilikuwa mdogo."

"Kwani kibao cha buchari hukioni? Kila siku wapita pale. Sema."

Nikafumba macho nikakiwaza kile kibao. "Kijani," nikasema. "Tone."

Akatia.

"Tone jingine."

Akatia.

"Basi."

Akaitazama rangi, kichwa kakiinamisha upande. "Siyo yenyewe," akasema. Akachovya brashi na kuanza kuipaka nyuma ya mbuzi wangu, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Alipolifikia jicho akasimama, akabadilisha brashi, akaongeza kope za chini, ambazo mimi nilikuwa nimezisahau. Tatu. Ya tatu ilitetemeka kidogo. Akaiacha hivyo hivyo, akanipa brashi nikaioshe kabla haijakauka.