Kinywa cha Nahodha Usi

Nchi kavu, Nahodha Usi wa Fumba alikuwa mpole wa kuwapisha hata kuku njiani. Lakini mtie ndani ya mashua, mkabidhi usukani, muwekee mbele vijana wanane wenye makasia, hapo utaziba masikio. "Bakar, unapiga kasia au unafukuza nzi? Machano, amka, harusi yako ilishapita!" Na vijana wenyewe, wasipotukanwa hawendi, ndivyo alivyowazoesha. Kwa matusi hayo Fumba ilishinda mbio za makasia za kila mwaka, kutoka kwao mpaka Forodhani mjini, mwaka wa hamsini na nne, ikashinda tena wa hamsini na tano. Wakishinda na wa hamsini na sita, kikombe kingekuwa chao moja kwa moja, hakishindaniwi tena.

Sasa tazama balaa. Siku mbili kabla ya mbio, Mkubwa, mpiga kasia wa kwanza, akaota jipu pale pale pa kukalia. Hata hawajapumua, akatokea Mzee Kificho, kasia lake la ujana begani, akasema nafasi hiyo ataikalia yeye. Mzee Kificho alikuwa mkwewe Usi. Usi alimwoa bintiye, Sichana, baada ya mbio za mwaka uliopita, na mbele ya mzee huyo alikuwa hajathubutu hata kukohoa kwa nguvu.

"Mwambie babako asiingie," alimsihi mkewe.

"Mwambie mwenyewe. Si wewe nahodha?"

Hakumwambia. Nani angemwambia?

Wapiga makasia huipa mgongo njia waendayo, kwa hiyo wa kwanza hukaa uso kwa uso na nahodha, na wengine wote humfuata yeye. Basi asubuhi ya mbio Usi alishika usukani, na mbele yake, magoti yanakaribia kugusana, ameketi mkwewe na ndevu zake nyeupe, anamchekea. Mzee analitia kasia majini taratibu, kwa madaha, kama anakoroga uji. Na wale saba nyuma yake nao wanakoroga vivyo hivyo!

"Baba," alisema Usi, "kama haitakuwa taabu, tuongeze kidogo."

"Inshallah, mwanangu," akajibu mzee, na hakuongeza kitu.

"Nahodha, una nini leo?" Bakar alipiga kelele kutoka nyuma. "Si ututukane!"

Kutukana! Kila tusi likimjia ulimini, Usi anaziona zile ndevu, analimeza. Aliyameza mengi mpaka tumbo likamuuma. Usawa wa Kiembe Samaki wakapitwa na mashua ya Malindi, vijana wa mjini kule bandarini. Nahodha wao, Himid, akawapungia mkono kwa adabu, na adabu hiyo ilimuudhi Usi kuliko kupitwa kwenyewe.

Kikombe kikaenda Malindi. Usi alijikalia ukutani Forodhani, hataki kuona mtu. Mzee Kificho akamfuata huko huko.

"Una wazimu wewe? Miaka yote nnakaa pwani nnasikia unavyowatukana vijana, nnacheka mpaka machozi. Hata Sichana nlikupa kwa kinywa hicho! Leo nimeingia mashuani nami nitukanwe kabla sijafa, wewe unanifanya mgonjwa. Eti kama haitakuwa taabu!"

"Lakini Baba, wewe mkwe wangu!"

"Mkwe wako nikiwa nyumbani!"

Usi akamtazama, hajui acheke au ajitose baharini. Mwaka mzima wamekingoja kikombe kile, na mtu mwenyewe alikuwa anataka tusi moja tu.

Alasiri wakapanda mashua kurudi. Usi alizitazama zile ndevu. "Mzee Kificho," akasema, "kasia hilo au mwiko? Sichana akisonga ugali anakushinda mbali!"

Mzee akacheka, jino lake moja la mbele likaonekana, akainama na kuvuta. Mashua ikaruka. Usi akamwaga yote aliyoyameza asubuhi, hakubakisha, na kila tusi mzee analipokea kwa kasia. Hawajapata kuipita njia ile upesi namna hiyo. Fumba nzima ikawasikia wanavyokuja, wanawake wakatoka mbio mpaka ufukweni na vigelegele, Sichana mbele yao, anauliza kikombe kiko wapi.