Mzima, Afande

Barua ya kukataliwa kutoka jeshini ilisema mume wangu ni mzima. Niliisoma nimesimama jikoni kwetu Kiseke, sato wakiungua kwenye mafuta, nikatamani kumzaba mtu kibao. Mzima gani huyu, ambaye akilala pumzi inakatika mpaka nimtikise, ndipo avute hewa kama mtu aliyeibuka ziwani? Wiki hiyohiyo alikuwa amesinzia mezani na mwiba wa samaki mdomoni. Niliutoa kwa kidole. Kazi ya kulinda geti la kiwanda kule Nyakato aliipoteza kwa sababu hiyo. Walimkuta anakoroma, wakamwita mzembe.

Daktari wa hapa Mwanza alishasema ni ugonjwa, na kwamba bila mashine ya kumsaidia kupumua, siku moja hataamka. Mashine tungeipata tu iwapo bodi ya jeshi ingekubali kwamba ugonjwa huo ulimpata akiwa bado askari.

Nikambana anieleze alichojibu mbele ya bodi. Akazungukazunguka, mwisho akasema. Mwenyekiti alikuwa ofisa mwenye nyota mabegani. Alipomuuliza hali yake, mume wangu alisimama wima, visigino pamoja, akajibu kwamba yeye ni mzima. Hivyo ndivyo walivyofundishwa kumjibu mkubwa. Alistaafu zamani, lakini mgongo wake bado uko kambini. Nilimkasirikia hata chakula hakikupita.

Tukakata rufaa. Siku ya kusikilizwa, karani alinitaka nisubiri nje kwenye benchi. Nilimwambia benchi nimelikalia miaka yote ya ndoa yangu, leo naingia. Mwenyekiti wa safari hii alikuwa kijana, umri wa mwanetu wa kwanza. Alitupa shikamoo. Mimi niliitikia marahaba. Mume wangu akasimama wima. Kijana akamuuliza anaendeleaje.

“Mzima, afande.”

Damu ilinichemka.

“Mwanangu,” nilimwambia yule ofisa, “huyu ukimuuliza hivyo atakujibu mzima hata akiwa kaburini. Mwamuru.”

Wajumbe wakatazamana. Ofisa aliweka kalamu chini, akainuka kitini.

“Mzee, hii ni amri. Sema kinachokusumbua.”

Mume wangu alibaki wima. Mikono ilikuwa bado imenyooka ubavuni.

“Naogopa kulala, afande,” alisema. “Kila nikifumba macho naona sitaamka.”

Rufaa ilikubaliwa, na mashine iko kando ya kitanda. Majirani wananiambia nishukuru, na ninashukuru. Lakini hasira haijaniisha, na siku hizi si ya bodi tena. Mimi ndiye niliyemtikisa miaka yote hiyo, nikamuuliza kwa upole, una nini, baba? Kila mara alinijibu hakuna kitu, lala. Kumbe alikuwa akiogopa, kitanda kimoja na mimi, na aliyeambiwa si mimi bali mgeni, kwa sababu alimwamuru.